Kanuni kama Msimulizi: Michezo ya Vita ya Nyanda za Marekani na Swali la Delta ya Mto Tana

Utangulizi

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa uzamili, mzaliwa wa Garsen, alituletea rasimu ya mchezo wa mezani aliokuwa akiubuni kuhusu vita vya Witu vya mwaka 1890, akatuomba ushauri juu ya kanuni za kutumia. Alikuwa na vitabu vya kanuni vilivyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya vita vya kikoloni vya karne ya kumi na tisa, na alikuwa na nakala ya kanuni zilizotungwa mahsusi kwa mapigano ya nyanda za Marekani, baina ya majeshi ya serikali ya huko na Walakota, Wacheyenne na wenzao. Hizi za mwisho ndizo alizozipendelea. Hoja yake ilikuwa kwamba nyanda ni nyanda: ardhi tambarare, mto ambao kila mtu anauhitaji, wafugaji wanaohama na majira, na serikali inayotaka kila mtu akae pale ilipomwandika. Tulimjibu kwamba hilo si suala la idara ya fasihi. Jibu hilo lilikuwa la haraka na lilikuwa la makosa, na kurasa hizi zinakusudia kulisahihisha.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mchezo wenyewe huchezwa juu ya meza iliyopambwa vilima, miti na mito ya kuigiza. Askari ni vijisanamu vya urefu wa inchi moja hivi, zamani vya risasi na siku hizi aghalabu vya plastiki. (Lugha yetu inayo kejeli yake hapa: madini ya risasi na risasi ya bunduki ni neno lile lile.) Wachezaji hupokezana zamu, hupima mwendo wa vikosi kwa rula, hurusha dadu kuamua nani amelengwa na nani amekimbia, na kuongozwa na kijitabu cha kanuni. Asili ya mchezo ni mafunzo ya maofisa wa Prussia, ambako von Reisswitz mdogo alichapisha kanuni zake mwaka 1824. Mwandishi wa riwaya H. G. Wells ndiye aliyeupa umbo la burudani ya nyumbani katika kitabu chake Little Wars cha mwaka 1913. Mwaka huo huo, kule Lamu, Muhamadi Kijumwa aliandika Utendi wa Fumo Liyongo. Hatudai kwamba kuna uhusiano wowote baina ya kazi hizi mbili isipokuwa tarehe. Hata hivyo tutaonyesha kwamba mwanafunzi wetu angefaidika zaidi na kazi ya pili kuliko ya kwanza.

Kanuni na nafsi ya msimulizi

Wahakiki tumezoea kuuliza ni nani anayesimulia, anaona kutoka wapi, anajua kiasi gani na ananyamazia nini. Kanuni za mchezo hazisimulii kisa kimoja. Zinaweka mipaka ya visa vyote vinavyoweza kusimuliwa juu ya meza hiyo. Kwa sababu hiyo nafsi ya msimulizi imefichika ndani yake kuliko ilivyo katika riwaya, na ni vigumu zaidi kuihoji. Anayesoma riwaya anaweza kumkataa msimulizi na bado akaendelea kusoma. Anayecheza hawezi kuikataa kanuni na bado akaendelea kucheza.

Tuanze na zamu. Katika kanuni nyingi upande mmoja husogeza vikosi vyake vyote, kisha upande wa pili. Larry Brom, katika The Sword and the Flame (1979), aliuvunja mpangilio huo kwa kutumia karata: kila karata inapofunuliwa rangi yake huamua ni upande upi utakaosogeza kikosi kimoja, na hakuna ajuaye ijayo ni ya nani. Hii ni mbinu ya kifani, na ni mbinu nzuri. Inazaa taharuki bila maneno. Kamanda aliyejipanga vyema hujikuta akitazama karata tatu mfululizo za adui. Mtu aliyesoma habari za Little Bighorn, tarehe 25 Juni 1876, ambako Custer aliwagawa askari wake wa farasi mbele ya kambi ambayo ukubwa wake hakuujua, ataona mara moja kwa nini mbinu kama hii inawavutia wapenzi wa vita vya nyanda. Inasawiri kutojua.

Lakini ni kutojua kwa nani? Walakota na Wacheyenne waliokuwa katika kambi ile walikuwa nyumbani, pamoja na wake, watoto, wazee na farasi wao. Kwao tarehe 25 Juni haikuwa fumbo la kijeshi la kufumbua, bali uvamizi wa makazi. Kanuni zinazoanza na vikosi viwili vilivyopangwa kwenye kingo mbili za meza zimeshachagua nafsi ya kusimulia kabla ya karata ya kwanza kufunuliwa: ni nafsi ya yule aliyekuja.

Uchaguzi huu hujitokeza hata katika istilahi. Kanuni za Daniel Mersey, The Men Who Would Be Kings (2016), ambazo kwa sifa nyingine ni nyepesi na zenye ucheshi, huwagawa askari wa miguu katika mafungu: wa kawaida, wasio wa kawaida, na wa kikabila. Mtunzi atajitetea kwamba haya ni maelezo ya namna ya kupigana, wala si hukumu juu ya watu, na kwa kiasi fulani utetezi huo ni wa haki. Ila jina la kitabu limechezea hadithi ya Kipling ya mwaka 1888, na neno "kawaida" halikuokotwa njiani. Ukawaida ni wa nani katika nyanda ambazo mgeni amefika jana? Kwa upande mwingine, kila kiongozi wa kikosi katika kanuni hizi hupewa sifa kwa dadu, akawa jasiri au mwoga, hodari au mzembe. Hapo kanuni zinaumba wahusika, na wahusika hao wanaweza kuwa wa upande wowote. Mwanafunzi wetu alilipenda jambo hili, nasi tunakubaliana naye.

Linalotushughulisha zaidi ni kinachohesabiwa. Katika michezo mingi ya aina hii kijisanamu kilicholengwa huondolewa mezani, na ushindi hupimwa kwa kuangalia ni vingapi vimeondolewa. Sasa, wapiganaji wengi wa nyanda za Marekani walikuwa na kipimo kingine. Kumgusa adui aliye hai kwa mkono au kwa fimbo, kisha kurudi salama, kulikuwa heshima kubwa, mara nyingi kubwa kuliko kumuua. Kanuni inayohesabu waliokufa tu haiwezi kuliona tendo hilo. Itamwona mtu aliyepoteza zamu yake bure. Baadhi ya watunzi hujaribu kurekebisha kwa kuligawia tendo hilo alama, na hapo huwa wameligeuza kuwa aina nyingine ya kuua. Fauka ya hayo, vita vile havikuamuliwa na idadi ya wapiganaji walioanguka. Tarehe 27 Novemba 1868, kando ya mto Washita, askari wa Custer waliivamia alfajiri kambi ya Black Kettle, na baada ya mapigano wakawapiga risasi mamia ya farasi wa Wacheyenne. Huko na katika kuangamizwa kwa makundi ya nyati ndiko nyanda zilikoamuliwa. Juu ya meza, farasi amegandishwa kwenye kijisanamu cha mpandaji wake na huondoka pamoja naye. Hana kufa kwake.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba watoto wa wafugaji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wana mchezo wao wa vijisanamu, nao hauna adui. Hufinyanga ng'ombe wa udongo, wakawapa rangi na pembe, wakawajengea zizi, wakawapeleka majini na kuwarudisha. Mtafiti wa fasihi ya watoto angeupuuza mchezo huo kwa kuwa hauna mgogoro. Lakini mwenye kutaka kujua ni kitu gani kilichokuwa mashakani katika nyanda zozote, za Platte au za Tana, angeanza na zizi lile.

Witu, 1890

Turudi kwenye rasimu. Kisa chake kinajulikana. Witu, mji ulio kwenye njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu, ulikuwa makao ya usultani ulioingia chini ya himaya ya Ujerumani mwaka 1885 kupitia ndugu wawili Denhardt. Kwa mkataba wa mwaka 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza himaya hiyo. Mnamo Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa huko, na Oktoba Admirali Fremantle akateremsha kikosi Kipini, penye mlango wa mto, kikaenda kwa miguu hadi Witu. Mji ulitekwa tarehe 27 Oktoba ukateketezwa. Sultani Fumo Bakari alikimbia, akafariki mwanzoni mwa mwaka uliofuata.

Miezi miwili baada ya Witu kuungua, tarehe 29 Desemba 1890, askari wa kikosi kile kile cha Saba cha farasi ambacho Custer alikuwa amekiongoza waliwaua Walakota mamia, wanawake na watoto wakiwamo, huko Wounded Knee. Kwa hiyo mwanafunzi hakukosea alipozitazama nyanda hizi mbili kwa jicho moja. Hata hivyo hajulikani kwetu mtu aliyependekeza kanuni za kuchezea Wounded Knee, na ukimya huo una maana. Wachezaji wenyewe wanajua, hata wasiposema, kwamba kuna mahali ambapo kanuni zao hukoma kuwa na haki ya kusimulia.

Tuliicheza rasimu ya Witu mara mbili kwa kanuni alizozipenda. Mara zote mbili Fremantle alishinda, na hilo si ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba mchezo uliisha. Kanuni ziliweka zamu nane. Mji ulipotekwa katika zamu ya sita kila mtu alisimama akanyoosha mgongo. Lakini katika historia jambo halikwisha. Fumo Omari aliendeleza upinzani kutoka misituni, na Waingereza walilazimika kupeleka askari tena mwaka 1893. Tena, wengi wa waliokuwa wakiishi katika eneo la Witu walikuwa watoro, watu waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. Kwao kilichokuwa mashakani hakikuwa boma la Sultani. Kilikuwa ni kurudishwa au kutorudishwa kwa mabwana. Katika rasimu watu hawa walikuwa vijisanamu kumi na sita vya "askari wa kikabila". Mtoro hana kabila katika maana hiyo. Kukosa kabila la kumdai ndiko kulikomfikisha Witu.

Liyongo kisimani

Kabla ya bunduki za Fremantle, eneo hili lilikuwa na maandishi na masimulizi yake juu ya mapambano ya mpakani, na lililo kubwa kuliko yote ni la Fumo Liyongo, shujaa anayehusishwa na Shaka na Ozi karibu na mlango wa Tana. Yametajwa sana masuala ya ushujaa na usaliti ndani yake. Sisi tunataka kuyasoma matukio mawili kama mjadala kuhusu kanuni.

La kwanza ni la makoma. Maadui wa Liyongo wanawatumia wawindaji wa mwituni wale naye kikoa: kila mmoja kwa zamu yake apande mkoma na kuwaangushia wenzake matunda. Njama ni kwamba zamu ya Liyongo itakapofika, naye yuko juu ya mti, wampige mishale. Kanuni ni ya haki kabisa kwa sura yake. Zamu ni sawa, kazi ni sawa, mlo ni sawa. Mauti yamefichwa ndani ya usawa huo, kwa kuwa wote wanapanda lakini ni mmoja tu anayewindwa. Liyongo haikatai kanuni, kwani kuikataa ni kujitangaza adui. Anaitimiza kwa namna ambayo waliomtegea hawakuifikiria: anabaki chini, anavuta upinde, na kuyaangusha makoma kwa mshale. Hatujapata mahali pengine ambapo hoja hii imetolewa kwa wepesi huo. Usawa wa zamu hautoshi kuwa haki ikiwa umbo la mchezo limekwisha kuamua nani atakuwa juu ya mti.

La pili ni kifo chake. Mwanawe, aliyezaliwa na mama wa Kigalla (ndivyo utendi unavyowaita, jina hilo watu wenyewe hawalipendi, na warithi wao wa leo ni Waorma), anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Liyongo anachukua upinde, anakwenda karibu na kisima, anapiga goti na kutega mshale. Anakufa katika hali hiyo, na watu hawajui kwamba amekufa. Kwa siku kadhaa hakuna anayethubutu kuteka maji.

Tuipeleke picha hii mezani. Kanuni zote tulizozitaja zingekiondoa kijisanamu chake mara tu sindano ilipoingia, na zamu inayofuata wanawake wangeteka maji. Utendi unasema kinyume: aliyekufa bado anashika ardhi. Hofu aliyoiacha inatawala kisima kuliko alivyokitawala yu hai, na mji mzima unaishi kwa kiu ya maiti mmoja. Yeyote aliyekaa katika vijiji vya delta baada ya mapigano anajua kwamba huu si urembo wa kishairi. Njia ambayo mtu aliuawa hukaa miaka bila kupitwa usiku.

Na ni kisima, wala si ngome. Lau utendi ungetungwa na mtaalamu wa michezo ya vita, Liyongo angefia kwenye kilima au lango la mji. Mtunzi wa mwambao alijua mambo ya delta: anayeyazuia maji ndiye anayezuia kila kitu.

Bao na mtaji

Tulipofika hapa mwanafunzi alituuliza, kwa adabu lakini kwa uchoshi kidogo, kama tunapendekeza achezeshe tenzi. Tukamwelekeza kwenye bao.

Bao la Kiswahili ni mchezo wa vita wenye mashimo 32 na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Katika hatua ya namua kete za mkononi huingizwa moja moja. Zikiisha mchezo huhamia katika mtaji. Kuna nyumba, kuna kichwa, kuna kimbi. Kuna kula na kutakata. Mshindi ni yule anayeiacha safu ya mbele ya mwenzake tupu au kumkosesha la kucheza. Jambo tunalotaka kulisisitiza ni hili: hakuna kete inayotoka ubaoni. Kete ukizila unazimwaga upande wako, nazo tangu hapo zinakupigania wewe, na zamu ijayo huenda zikaliwa zikarudi zilikotoka. Kete 64 zinaanza na kete 64 zinamaliza.

Ukilinganisha na kijisanamu kinachoondolewa mezani, tofauti ni ya mtazamo mzima wa vita. Bao linaona kwamba nguvu ya adui ni watu wake, na kwamba watu hao wanaweza kuwa wako. Ndoa ya Liyongo ni ya namna hiyo: Wagalla, walipouona uwezo wake, walitaka mbegu yake. Mwana aliyezaliwa ni kete iliyohama, kisha ikahamishwa tena.

Hatutaki msomaji adhani kwamba tumegundua mchezo wa amani. Kula watu na kuwafanya wako ndiyo maana hasa ya utumwa, na neno mtaji, ambalo mfanyabiashara wa Lamu alilitumia kwa fedha zake, halikuingia ubaoni kwa bahati. Wale watoro wa Witu walikuwa kete zilizokataa kumwagwa. Bao haliwezi kuwaonyesha, kwa kuwa ubaoni hakuna shimo lisilo na mwenyewe. Kwa hiyo kama kanuni za nyanda zinamficha mwenye makazi, bao linamficha aliyetoroka. Tofauti ni kwamba bao, kwa kumbakiza kila mmoja ubaoni, linamlazimisha mchezaji kuishi na matokeo ya kila alichokula.

Mwaka 2012

Kuna sababu ya kuyachukulia haya kwa uzito. Tarehe 22 Agosti 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba ikafuata Kilelengwani, ambako polisi walikuwa miongoni mwa waliouawa, na Desemba Kipao. Waliokufa katika miezi hiyo walizidi mia moja. Magazeti yalisimulia kwa kanuni zile zile za mezani: pande mbili, Wapokomo na Waorma, mkulima na mfugaji, shambulio la huyu, zamu ya kisasi cha yule, idadi ya walioondolewa. Malka, yaani njia za kuteremshia mifugo mtoni katikati ya mashamba, zilitajwa kama mandhari. Uchaguzi uliokaribia wa mwaka 2013 na mashamba makubwa yaliyokuwa yakipimwa katika delta vilitajwa pembeni au havikutajwa. Familia zilizokuwa na mama wa upande mmoja na baba wa upande wa pili hazikuwa na rangi ya karata.

Mwanafunzi wetu alikuwa na ndugu katika pande zote mbili. Alitueleza hilo mwishoni, si mwanzoni, na hapo ndipo tulipoelewa kwa nini alitaka kucheza mwaka 1890 na si mwaka mwingine.

Ushauri tuliompa hatimaye ulikuwa wa vitendo. Achukue karata za Brom, kwa kuwa zinasawiri kutojua, lakini aongeze rangi ya tatu, ya watoro, ambao lengo lao ni kuvuka meza na kutoka wakiwa hai. Atumie viongozi wa Mersey na aache mafungu yake. Asiondoe kijisanamu; kilichoanguka kilazwe pale pale, na mahali hapo papitwe kwa shida hadi mwisho wa mchezo. Maji yawekwe katikati ya meza. Zamu zisiwe nane. Alipouliza ziwe ngapi hatukuwa na jibu, na katika rasimu ya pili aliyotuletea nafasi ya namba hiyo ilikuwa bado tupu.